Mjadala: Je, ilikuwa haki kuipaka rangi filamu ya Mayabazar?

Ndugu wachangiaji, naleta hoja kuhusu Mayabazar, filamu ya nyeusi na nyeupe ya mwaka 1957 kwa Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, ambayo mwaka 2010 ilirudishwa katika majumba ya sinema ya jimbo la Andhra Pradesh ikiwa imepakwa rangi. Wapo wanaosema kwamba kazi ile iliinusuru filamu isisahaulike, na wapo wanaosema kwamba iliichafua. Mimi naegemea upande wa pili, ila sababu zangu si zile zinazorudiwa kila mara, ndiyo maana naomba nisomwe hadi mwisho kabla ya kujibiwa.

Kwa asiyeifahamu, filamu hii iliongozwa na K. V. Reddy kwa ajili ya kampuni ya Vijaya ya Nagi Reddi na Chakrapani, mjini Madras, ambao leo ni Chennai. Wahusika wake ni wa Mahabharata, utenzi wa kale wa India, ingawa harusi inayosimuliwa imetoka katika ngano za kusini mwa India wala haimo katika utenzi wenyewe. Sasirekha, binti wa Balarama, aliahidiwa tangu utotoni kuolewa na Abhimanyu. Ukoo wa kijana huyo unapofilisika, wazazi wa binti wanaigeuka ahadi na kumposesha kwa mwana wa Duryodhana, hasimu wa ukoo huo. Mungu Krishna anapanga hila, na jitu Ghatotkacha linajigeuza bibi harusi wa bandia ili kuwatia aibu wenye tamaa. Ajabu ni kwamba ndugu watano wa Pandava, yaani baba yake Abhimanyu na ndugu zake, ambao masaibu yote haya yanatokana na wao, hawaonekani hata mara moja.

Filamu ilitolewa kwa lugha mbili, ya Kitelugu tarehe 27 Machi na ya Kitamil tarehe 12 Aprili, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Watayarishaji hawakuchukua picha za Kitelugu wakazibandika sauti za Kitamil. N. T. Rama Rao alibaki Krishna, Savitri akabaki bibi harusi na S. V. Ranga Rao akabaki Ghatotkacha, lakini Abhimanyu wa Kitelugu ni Akkineni Nageswara Rao ilhali wa Kitamil ni Gemini Ganesan, na yule bwana harusi mpumbavu, mwana wa Duryodhana, anachezwa na Relangi huku na Thangavelu kule, kwani mchekeshaji wa lugha moja hamchekeshi mtu wa lugha nyingine kwa kubadilishiwa sauti tu. Sisi tuliokulia katika vibanda vya video, tukimsikiliza msimulizi akipiga Kiswahili juu ya maneno ya waigizaji hadi yenyewe yasisikike, tunaujua utamu wa njia ile ya mkato, lakini tunajua pia kinachofunikwa. Vijaya waliigharimia njia ndefu, na matokeo yake ni kwamba toleo la pili lilisimama kando ya la kwanza bila kulikalia kichwani.

Sasa tuje kwenye rangi. Utetezi unaosikika zaidi ni kwamba wale wazee wangepata uwezo wangepiga filamu ya rangi, kwa hiyo wapakaji wametimiza tu haja yao. Utetezi huo unaifaa Mughal-e-Azam, filamu ya Kihindi ya mwaka 1960 iliyopakwa rangi mwaka 2004. Mwongozaji wake, K. Asif, alipiga baadhi ya sehemu kwa rangi, ukiwemo wimbo wa ukumbi wa vioo, akavutiwa mno hata akataka kuipiga filamu nzima upya, na wasambazaji ndio waliomkatalia. Huko kiu ya rangi ipo na ushahidi wake umo ndani ya filamu yenyewe. Kwa Mayabazar sioni ushahidi wa namna hiyo. Ni kweli kwamba Watelugu walisubiri hadi Lava Kusa ya mwaka 1963 kupata filamu yao ya kwanza ya rangi, lakini filamu ya rangi ya Kitamil ilikwishatoka mwaka 1956, kwa hiyo haiwezekani kudai kwamba watu wa Madras walikuwa hawajaijua rangi. Marcus Bartley mwenyewe, mpiga picha wa Mayabazar, alikuja kupiga filamu ya Kimalayalam ya Chemmeen kwa rangi, iliyotoka mwaka 1965, na wengi waliisifu. Alipopewa rangi aliitumia kama rangi, na alipopewa nyeusi na nyeupe alitumia kivuli.

Utazameni wimbo wa mashua, Lahiri Lahiri. Sehemu yake kubwa ilipigwa ndani ya studio, na ile mbalamwezi ni taa za Bartley tupu. Abhimanyu na Sasirekha wanapita polepole mtoni, maji nyuma yao yanametameta, na uso wa Savitri uko nusu mwangani na nusu gizani kiasi kwamba huwezi kuonyesha mahali nuru inapokomea. Mwezi hauonyeshi rangi za vitu. Ndiyo maana macho yetu yalikubali kwamba ule ni usiku. Mara tu sari inapopewa rangi yake, na maua nayo rangi yake, mwezi unabaki kuwa taa. Halafu kuna maamuzi ambayo hayakwepeki: mpakaji anapomfikia Krishna, je, amfanye wa buluu kama michoro ya ukutani inavyomwonyesha, au amwachie ngozi ya mwanadamu? Filamu ya nyeusi na nyeupe haikulazimika kulijibu swali hilo, na kutolijibu kulimfaa Rama Rao sana.

Nikiri jambo moja dhidi ya upande wangu: ile karamu ya harusi, Ghatotkacha anapoketi peke yake mbele ya masinia na vitumbua vya laddu vinaruka vyenyewe kuingia kinywani mwake, imenoga zaidi ikiwa na rangi. Chakula hutamanisha kwa rangi, sina ubishi hapo.

Linaloniudhi zaidi, hata hivyo, ni jambo ambalo wengi hawaligusi. Toleo la mwaka 2010 halikuwa na nyimbo zote. Baadhi ziliachwa kwa sababu negativu zake, yaani mikanda ya asili inayonakiliwa filamu, zilikuwa zimeharibika. Tulichoita ukombozi, basi, kilikuja na upungufu. Kufuta mikwaruzo, kutuliza picha inayotikisika na kusafisha sauti ni ukarabati, na sijui mtu mwenye akili timamu anayeupinga. Kupaka rangi ni kutunga upya. Kazi hizi mbili ziliuzwa pamoja kama kitu kimoja, na anayezilipia ni mfanyabiashara anayehitaji tangazo ukutani lenye neno “rangi”. Bila neno hilo, nakubali, huenda hata mikwaruzo isingefutwa.

Mtaniambia kwamba vijana hawatazami filamu za kijivu, na mtanikumbusha kura iliyoendeshwa na kituo cha televisheni cha India cha CNN-IBN mwaka 2013, ambayo Mayabazar iliibuka kuwa filamu bora kuliko zote za India. Kura ile ilipigwa miaka mitatu baada ya rangi, kwa hiyo kila upande unaweza kuivutia kwake, na kwa sababu hiyo naiweka pembeni.

Ninachodai ni kidogo. Anayepaka rangi akarabati pia mkanda wa nyeusi na nyeupe, aurejeshe ukiwa na nyimbo zote zinazopatikana hata kama zina michubuko, na autoe siku ileile, kwa bei ileile, ili mtazamaji achague, kama vile Mtamil na Mtelugu walivyopewa kila mmoja chake.

Najua atatokea mtu wa kunijibu kwa hoja ya Ghatotkacha mwenyewe, pale anapowatetea wafuasi wake wanaovuruga lugha, kwamba maneno yatazaliwaje kama hakuna wa kuyabuni. Ni hoja nzuri. Ila Ghatotkacha aliyapokea maneno mapya bila kuagiza ya zamani yafutwe. Kwa hiyo nawauliza mliotazama matoleo yote mawili: punguzeni rangi ya runinga hadi iishe, wekeni wimbo wa mashua kutoka toleo la mwaka 2010, kisha mtueleze kama mbalamwezi ya Bartley inarudi.