Yangeyange akiruka picha yatoka nyeupe tupu, nakosea wapi?

pwani_lenzi: Wadau, jana nilikuwa Mida Creek, Watamu, nina lenzi ya 300mm, shata (muda lenzi inapokaa wazi) 1/500 ya sekunde, yangeyange wakiruka mabawa yanatoka ukungu na manyoya meupe pe kama shuka la hospitali, hata unyoya mmoja hauonekani. Flashi sitaki. Nifanyeje?

mzee_wa_mikoko: 1/500 ni kasi ndogo bana, panda 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache oto. Na huo weupe ni kamera inadanganywa na mikoko nyuma, ni kiza, basi inaongeza mwanga, we punguza ekspoja (mwanga wa picha) kama stopu moja hivi, yaani nusu ya mwanga.

binti_kamera: Saa ngapi ulienda? Isije ikawa saa sita jua la utosi 😂

pwani_lenzi: Saa tano dada 🙈

mzee_wa_mikoko: Ndo hivyo! Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji yakiwa yanajaa yanawasukuma ndege karibu na ukingo. Ndege huruka akikabili upepo, kwa hiyo jua na upepo viwe mgongoni kwako, atakuja usoni mwenyewe. Akianza kuinama na kukunja magoti, bonyeza, usingoje.

pwani_lenzi: Shukran mzee, kesho naangalia maji.