Supachaja ya C200 Kompressor inalia: nibadili oili tu, nifungue beringi, au nichukue ya kutumika?

Mlima_Kwetu (Moshi)
Heshima kwenu wakuu. Kompresa ya Benzi yangu ina wiki ya pili sasa inalia. Nimeshauriwa mambo matatu na lazima niamue kabla ya Jumamosi ijayo, maana tunapeleka mahari Singida na gari yangu ndiyo itabeba wazee. Fundi mmoja wa Unga Limited, Arusha, anasema anaifungua, anabadili beringi na sili, laki nne na nusu pamoja na ufundi. Kuna kijana Dar anauza nzima iliyotumika, anaipakia kwenye basi. Shemeji yangu wa Nairobi anasema kitu hicho kina oili yake, nibadili hiyo kwanza. Nyie mngefanya lipi?

Ngaramtoni_Dizeli
Mkuu, kompresa ipi? Ya AC au supachaja, ile inayoisukumia injini hewa? Halafu mwaka wa gari, injini, kilometa. Na inalia vipi: inavuma, inagonga, inasaga? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Bila hayo kila mtu hapa atakutibia ugonjwa wake.

Pasua_Boy
Mimi ningeuza kabla haijafia njiani. Chukua Premio, kila duka la spea kuanzia Majengo mpaka Himo lina vitu vyake. Nasema kwa nia njema kabisa.

Mlima_Kwetu
Samahani wakuu, ni supachaja. Ni C200 ya 2004, bodi ya W203, injini 1.8, kilometa 168,000. Inachakacha kama kokoto kwenye kopo, zaidi asubuhi ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga. Nikikanyaga mafuta kidogo inaacha. Oili yake sijawahi kuigusa, hata sikujua ipo. Kuuza siuzi, gari hii aliniachia marehemu baba.

Fundi_Sakina
Sasa tunaweza kuongea. Injini hiyo ni M271, na supachaja yake ni ya Eaton. Haitumii oili ya injini. Pua ya mbele ina chumba chake kilichofungwa, na humo mna beringi za mbele, gia mbili zinazozungusha rota, vile vyuma viwili vinavyosukuma hewa, kwa mpangilio ili zisigusane, na kiungo chenye pini kinachounganisha puli na gia. Oili yote ya humo haijazi kikombe cha kahawa. Chupa ndogo ya oili ya supachaja ya GM (General Motors) ya mililita 118 kwa kawaida inatosha. Beringi ndogo za nyuma zina grisi yao. Kiwandani walihesabu kwamba oili hiyo itaishi na gari, ndiyo maana huoni kilometa za kuibadili, lakini gari lako lina miaka ishirini na ushee.

Sikiliza mlio. Beringi ikichoka huvuma, na uvumaji hupanda kadiri unavyokanyaga. Inayochakacha kwenye sailensi na kunyamaza ukikanyaga mara nyingi ni kile kiungo, matundu yake yamelika. Hapo ukibadili beringi umetupa hela, na oili peke yake haitarudisha matundu.

Kabla ya yote toa mkanda, washa injini dakika moja tu isizidi, maana mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji. Kelele ikiisha, tatizo liko kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda. Zima, zungusha kila puli kwa mkono. Nimeona watu watatu wakilaumu supachaja kumbe ni tenshona, ile puli inayokaza mkanda.

Mama_Njiro
Kaka Mlima, naomba usome hili lote kabla hujamkabidhi mtu funguo. Nilikuwa na C180 Kompressor, nayo ilianza kuvuma. Nikaipeleka gereji moja hapa Arusha, jina naliacha. Fundi akasema supachaja imekauka oili. Nikafurahi, kwa sababu waliotangulia hawakujua hata kama inawekwa oili. Kumbe alichoweka ni gia oili namba 90, na aliijaza mpaka mdomoni huku gari limepigwa jeki upande mmoja.

Siku mbili likawa kimya kabisa. Siku ya tatu nawapeleka watoto kwa bibi yao Marangu. Nimeshapita njia panda ya KIA, sijafika Bomang'ombe, naangalia kwenye kioo, nyuma siioni barabara, ni moshi wa buluu mtupu. Lori la nyuma linapiga honi mfululizo. Nikaegesha nikiwa natetemeka, nikawashusha watoto, tukakaa chini ya mti saa mbili nzima tukisubiri gari la kutuvuta. Oili ilikuwa imetanuka kwa joto, ikasukuma sili, ikaingia kwenye njia ya hewa, injini ikawa inaichoma.

Wakalirudisha gereji ileile, na hapo nakiri nilikosea. Alifungua abadili sili, akazitoa gia bila kuweka alama. Alipofunga, rota zikawa zinasagana. Nilisikia chuma kinalia, nikamwambia zima, akanijibu itazoea. Tulipofungua bomba la hewa mlikuwa na unga wa aluminiamu. Supachaja ikafa pale, na kunyonya oili yote kwenye kipoza hewa kulinigharimu kazi nyingine.

Huyo wa laki nne na nusu muulize kitu kimoja tu: gia anazitoaje, na rota anazirudishaje zisigusane? Akibabaika, ondoka.

Himo_Estima
Pole sana dada. Namba 90 ni nzito mno. Mimi kwenye Estima yangu ya supachaja naweka ATF, oili ya giaboksi ya otomatiki, na mwaka wa tatu huu haijasema kitu.

Fundi_Sakina
Mkuu wa Himo, Estima yako ina klachi ya sumaku, supachaja inashika pale tu unapohitaji nguvu. Ya M271 haina klachi, inazunguka muda wote injini ikiwaka, na rota zinapita mizunguko 10,000 kwa dakika. Usimpe mwenzako ATF kwa sababu kwako imetulia.

Himo_Estima
Imetulia miaka mitatu, fundi. Hiyo nayo ni ushahidi.

Ngaramtoni_Dizeli
Ni ushahidi wa Estima.

Usa_River_Mzee
Vijana, mnagombania oili wakati faida ya hiyo mashine kwetu huku juu ni kubwa. Arusha tuko kama mita 1,400, hewa nyepesi. Gari la kawaida linachoka kupanda kuelekea Ngaramtoni, lenye supachaja halisikii.

Ngaramtoni_Dizeli
Mzee wangu shikamoo. Hapo naomba tutofautiane. Supachaja inasukuma ujazo uleule kila mzunguko, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi inasukuma nyepesi. Nayo inapoteza nguvu, ila ilianza nazo nyingi. Turbo, inayozungushwa na moshi wa injini, ndiyo inayoweza kuongeza kasi ikafidia. Ndiyo maana mimi ni wa turbo dizeli mpaka kesho.

Usa_River_Mzee
Marahaba. Turbo nayo ikikosa oili safi ya injini hufa mapema kuliko hiyo. Angalau supachaja ina chungu chake.

Mlima_Kwetu
Wakuu nimerudi. Mama Njiro, pole na asante, nimemsomea mke wangu habari yote. Fundi wa Unga Limited nimemuuliza swali lako, akasema "tutaona tukishafungua". Huyo nimemwondoa.

Leo asubuhi nimetoa mkanda. Kelele imepungua sana, ila haijaisha. Tenshona iko sawa, inazunguka laini. Puli ya supachaja inacheza kidogo, nasikia tak tak nikiigeuza huku na huku. Shemeji anatuma chupa ya oili kwa basi la Namanga. Nitainyonyaje ya zamani?

Fundi_Sakina
Ikiwa baridi na gari liko sawasawa, fungua kizibo cha pembeni ya pua. Chukua bomba la sindano kubwa la duka la dawa za mifugo, livishe kimpira chembamba, nyonya. Ikitoka nyeusi yenye vumbi la chuma, usiendelee, tafuta nzima. Ikitoka safi, rudisha mpya mpaka ifike nyuzi za chini za tundu, hapo simama. Ina harufu kali, usishtuke. Hiyo tak tak ni kiungo, nacho kinauzwa peke yake.

Ngaramtoni_Dizeli
Subirini. Amesema haijaisha. Mkanda umetoka, kinachochakacha ni nini tena? M271, asubuhi, kilometa 168,000, na hakuna aliyetaja cheni?

Mama_Njiro
Hata yangu walisema cheni imevutika, sikuwasikiliza.

Mlima_Kwetu
Cheni ya injini? Ile ya asubuhi ni sekunde tatu nne za mwanzo, inapiga kwa juu, halafu inabaki hii ya chini.

Fundi_Sakina
Basi una milio miwili. Fungua kifuniko cha juu uangalie alama za kamshafti, vyuma vinavyofungua valvu na kuzungushwa na cheni, kabla ya kufikiria Singida. Cheni ikiruka meno, supachaja nzima haitakusaidia kitu.

Pasua_Boy
Noah ya kaka yangu ipo Jumamosi, mafuta tu. Wazee wanaenea.

Mlima_Kwetu
Pasua, nakupigia jioni. Kuna anayemjua fundi wa Moshi mwenye vifaa vya kufunga kamshafti za M271? Siyo wa kuanzia kujifunzia kwangu.