Ushauri: Nimeipenda sonata ya Kreutzer ya Beethoven, nianze kuipiga au nisubiri?

Fidla ya Kirumba:
Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, napiga fidla kwenye kwaya ya kanisani. Tangu niisikie sonata namba 9 ya Beethoven, ile ya Kreutzer, muziki wa fidla na piano, haitoki kichwani. Fidla inaanza peke yake, taratibu, nyuzi zikilia kwa pamoja. Piano inaitikia kwa huzuni. Mara mwendo unabadilika, zinakimbizana kama zinagombana!

Kilichonimaliza ni historia yake. Aliyeipiga kwa mara ya kwanza, Vienna mwaka 1803, ni George Bridgetower, ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi. Baadaye akakosana na Beethoven, na heshima ya sonata kuitwa kwa jina lake akapewa Kreutzer, mpiga fidla mwingine, ambaye hakuwahi hata kuipiga mbele ya watu. Iliniuma sana.

Mwalimu wa kwaya anasema ni mapema. Nyie mnasemaje?

Mzee wa Nota:
Mwanangu, mwalimu yuko sahihi. Kwenye kwaya fidla hufuata sauti ya kwanza, mkono wa kushoto haupandi sana kwenye nyuzi. Kreutzer itakupeleka juu kabisa, tena kwa kasi. Jenga mkono kwa sonata za Handel, kisha namba 5 ya Beethoven mwenyewe, ya 1801. Tamu mno ile.

Dada Nyegezi:
Shikamoo mzee. Mimi napingana kidogo. Mdogo wangu, sehemu ya pili ina wimbo mtulivu ambao Beethoven anaugeuza mara nne. Mageuzo hayo yaache kwanza, chukua wimbo wenyewe. Ila piano ndiyo inautangulia, kwa hiyo tafuta mwenzako mapema. Hapo piano si msindikizaji, ni wapigaji wawili wenye uzito sawa. Nota zinapatikana bure mtandaoni, haki zake ziliisha zamani.

Mzee wa Nota:
Marahaba. Wimbo huo sawa, naukubali. Sehemu ya kwanza asiiguse.

Fidla ya Kirumba:
Asanteni sana. Shida ni mpiga kinanda wetu, anasoma sol-fa tu, zile do-re-mi, si nota za mistari.

Dada Nyegezi:
Basi mwandikie kwa sol-fa, ule wimbo peke yake, mkono wa kulia kwanza. Besi ataiongeza akishazoea.

Fidla ya Kirumba:
Naanza kuiandika leo hii. Kuna yeyote hapa Mwanza mwenye piano halisi, tuje kufanya mazoezi?