MREJESHO: Safari ya familia kutoka Moshi hadi Bagamoyo kupitia Lushoto na Tanga

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa kusafiri kwa gari bila haraka, pamoja na watoto na mama mzazi, kutoka Moshi hadi Bagamoyo, na sasa narejea na shukrani nyingi. Tulimfuata aliyetushauri tupande kutoka Mombo asubuhi na polepole, kwa kuwa barabara ya Lushoto, yenye kilomita zipatazo 33, ina kona kali. Mama hakupata kichefuchefu, na pale Irente, sehemu ya kutazamia mandhari karibu na Lushoto, alikaa muda mrefu akiitazama nyika iliyo chini. Mapango ya Amboni, jijini Tanga, yaliwafurahisha watoto kuliko yote. Njia ya Pangani kupitia Saadani ilitushinda kwa matope ya masika, hivyo tulizungukia Segera na Msata. Atakayesafiri Aprili aulizie kwanza hali ya njia ya Saadani akiwa Pangani.