Naomba ushauri: rangi ya mbao za magofu inabanduka, na maonyesho ni Jumamosi

Kipande: Wakuu, habari zenu. Natengeneza sanaa kwa mabaki ya majengo yaliyotelekezwa mjini: mbao za madirisha, bawaba, vigae. Sasa rangi inabanduka kila nikigusa. Kupaka upya sitaki, rangi hiyo kuukuu ndiyo kazi yenyewe. Usingizi sina.

Randa: Usithubutu kupiga msasa mkavu! Rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Zimua gundi nyeupe kwa maji, ipenyeze chini ya magamba ya rangi kwa brashi ndogo. Ikikauka, pitisha vanishi isiyong'aa.

Tofali: Nyumba ya babu ilipovunjwa niliambulia kitasa tu. Kipo mezani hadi leo, mlango wa kukitia sina.

Nondo: Mbao umezipataje?

Kipande: Jengo halina mtu miaka mingi, mkuu.

Nondo: Nani kakuruhusu?

Kipande: Mlinzi alinifungulia usiku. Mwenye jengo hajulikani, na litabomolewa tu. Msanii Gordon Matta-Clark alikata sakafu za majengo yaliyoachwa Bronx, New York, miaka ya 1970 bila kibali, leo vipande vyake viko makumbusho.

Mnyoofu: Na yule mpiga picha Richard Nickel je? Alikuwa akiokoa mapambo ya majengo ya msanifu Louis Sullivan huko Chicago. Mwaka 1972 jengo la Soko la Hisa likamwangukia likiwa linabomolewa. Vya watu viombwe, tena mchana.

Bawaba: Hii chai. Dirisha zima, usiku, na hakuna picha hata moja?

Kipande: Si chai. Mlinzi alishika upande mmoja, mimi mwingine. Chini ya bluu kuna kijani, chini ya kijani krimu. Ubavuni fundi kaandika 7 kwa penseli, na fremu nayo ina 7, ili kila dirisha lirudi mahali pake. Hilo nilitunge la nini?

Randa: Hapo penye 7 usipitishe brashi, itafutika. Mlinzi anasemaje lakini?

Kipande: Kafukuzwa juzi. Mwenye jengo alikuja, akakuta tundu. Mlinzi hajanitaja.

Nondo: Kumbe mwenyewe yupo. Namba yake unayo?

Kipande: Ninayo.