Timu ya uhasibu watu 5, mafaili yote yako wazi na hakuna linaloisha

Karani_wa_Ilala: Wakuu, habari za kazi. Ofisi ya uhasibu Dar, watu 5, kila mmoja ana mafaili 4 ya wateja mkononi. WhatsApp inalia kutwa, bosi naye anaita. PAYE (kodi ya mishahara) mwisho tarehe 7, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) tarehe 20, na kila mwezi tunamalizia kwa mbio. Tuanzie wapi bila kuudhi wateja?

Safu4: Mkuu, hesabu kwanza. Mna mafaili 20 mkononi. Mkimaliza 4 kwa siku, kila faili linakaa wastani wa siku 5, hata kama kazi yake ni ya saa 2 tu. Yakishuka kuwa 10 na kasi ikabaki ileile, ni siku 2 na nusu.

Chora ubao: Linasubiri, Linafanywa, Linamsubiri mteja, Limekwisha. Kwenye "Linafanywa" mtu asizidi mafaili 2. Jipya haliingii mpaka moja litoke. Mpango huu hufia kwenye safu ya tatu, watu wanatupia mafaili humo ili wapate nafasi. Kila faili la humo liandikwe linasubiri nini, na tarehe ya kumkumbusha mteja. Lisilo na tarehe linarudi kwa mwenyewe.

Mama Leja: Ubao bila zamu hautoshi. Kila siku mtu mmoja ashike simu, WhatsApp na wageni wa mapokezi. Wanne waliobaki wasiguswe saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Mteja ajibiwe papo hapo: "Tumepokea, utapata jibu kabla ya saa 7." Wengi hawana haraka, wanataka kujua tu wamesikika. Wa zamu asipewe kuoanisha taarifa ya benki na vitabu vya mteja, atakosea. Apange risiti za EFD (mashine za risiti za kodi).

Karani_wa_Ilala: Na dharura je? Kwa bosi kila kitu ni dharura 😅

Mama Leja: Andikeni mbili tu ukutani: TRA (mamlaka ya mapato) wako kwenye simu, au mfumo umekataa ritani (taarifa ya kodi) siku ya mwisho. Mengine bosi ayaandike kwenye karatasi ya wa zamu, yajibiwe saa 5. Akikataa yeye, msihangaike kuwabana wengine.

Safu4: Na ukikatizwa kweli, kabla hujainuka andika mstari ulioishia, salio lake na hatua inayofuata. Sekunde 20. Bila hivyo utaanza upya kutiki toka juu ya ukurasa.