Duka limeniuzia chatu asiyekula, likadanganya alikotoka, sasa linasema kosa ni langu

Wakuu, heshima kwenu.

Kabla hujaandika "nyoka wa nini nyumbani, muue", naomba usome kwanza au upite. Majibu ya namna hiyo nimeshayapata ya kutosha kwenye kundi la Watanzania wa hapa Leicester. Mimi ni Msukuma wa Kisesa. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa Bayeye, wale wa kucheza na nyoka na kutibu walioumwa, na nimekua nikiona chatu wakibebwa mabegani kwenye ngoma za Bulabo pale Bujora. Kwangu nyoka si mkosi. Hasira zangu ni za binadamu, tena mwenye duka, leseni na mashine ya kupokelea kadi.

Tarehe 17 Agosti nilimpeleka binti yangu wa miaka 13 kwenye duka moja la wanyama wa kufugwa. Alikuwa ameomba miaka miwili, amesoma vitabu, amejiwekea akiba. Aliyemtaka ni chatu wa kifalme, Python regius, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi ambaye akiogopa hujiviringa mpaka anakuwa kama mpira, kichwa kimefichwa katikati. Si wale chatu wetu wa kumeza mbuzi. Huyu akikomaa anafika mita moja na nusu hivi, na ni mpole mno.

Muuzaji alisema mbele yetu sote wawili: "Ana miezi minne, amezaliwa hapahapa Uingereza, anakula panya wa kugandishwa kila wiki." Nikauliza kama kuna karatasi inayoonyesha siku alizokula. Akasema karatasi haina haja, yeye mwenyewe ndiye anayemlisha. Nikamwamini. Nikalipa pauni 70 za nyoka na pauni 160 za "seti kamili": tangi la kioo, mkeka wa joto wa kuweka chini, kipimajoto cha kubandika, bakuli la maji na kificho kimoja cha plastiki. Binti akampa jina Ngosha njiani, kwenye basi.

Jioni ile nilimweka kwenye mizani ya jikoni. Gramu 74. Kwa wakati ule namba ile haikuniambia kitu. Leo inaniambia yote. Kitoto cha chatu huyu kikitoka kwenye yai kinaweza kuwa na uzito huohuo. Angekuwa anakula kila wiki kwa miezi minne asingebaki gramu 74, angekuwa ameshapita mara mbili ya hapo. Yaani yule bwana alituangalia machoni, mimi na mtoto, akatuuzia kichanga ambacho ama hakijala kabisa, ama kimekula mara moja mbili.

Wiki ya kwanza tulimwacha atulie. Tarehe 24 tukampa panya. Akamgeuzia kichwa. Wiki iliyofuata hivyohivyo. Ya tatu akajiviringa kabla hata koleo halijamkaribia. Nikarudi dukani. Muuzaji hakuuliza joto la tangi wala uzito. Aliniuzia chupa ya vitamini, pauni 9, "ya kuleta hamu". Hakuna dawa ya hamu ya nyoka, wakuu. Nimeambiwa hivyo baadaye na daktari, huku chupa iko mkononi mwangu.

Na hapa niseme kitu kwa wanaofuga au wanaotaka kufuga, kwa sababu hiki ndicho duka lilipaswa kuniambia siku ya kwanza. Chatu huyu anajulikana dunia nzima kwa kugoma kula. Mkubwa mwenye afya anaweza kukaa miezi bila kula na asidhurike, hasa dume msimu wa kupandana. Kila nyoka anayekaribia kujivua gamba, macho yakishakuwa na ukungu wa bluu, mara nyingi hagusi chakula. Hiyo si ugonjwa. Lakini kichanga hana akiba kubwa ya mafuta mwilini. Kwake kugoma ni jambo la kufuatilia kwa mizani kila wiki, na akipoteza sehemu ya kumi ya uzito unatafuta daktari. Muuzaji alichukua habari ya nyoka wakubwa akaitumia kunituliza: "Hawa ndivyo walivyo, atakula akisikia njaa." Ni kweli ndivyo walivyo. Na ni uongo kwa mnyama aliyekuwa mbele yake.

Tarehe 13 Septemba tulirudi tena, safari hii na Ngosha mwenyewe kwenye kiboksi, amefungwa kwenye fulana ya binti. Nilikuwa ndani ya siku 30. Sheria ya haki za walaji ya hapa, ya mwaka 2015, inasema kitu kikiuzwa tofauti na kilivyoelezwa unaweza kukirudisha ndani ya siku hizo ukapewa fedha yako, na kwa sheria hiyo mnyama naye ni bidhaa. Nilisema hivyo kwa adabu. Yule bwana akasema, "Ngoja nikuonyeshe kwamba anakula."

Akamshika Ngosha shingoni. Akachukua kadi ya plastiki, akaipenyeza ubavuni mwa mdomo mpaka ukafunguka, akasukuma kitoto cha panya ndani kwa kidole. Juu ya kaunta, kwenye mwanga mkali, wateja wanapita. Mwili wote wa yule nyoka ulikaza kama kamba iliyovutwa pande mbili. Damu kidogo, nyembamba kama uzi, ilitoka kwenye ufizi. Binti yangu alisema, "Baba, mwambie aache." Nikasema aache. Alikuwa ameshamaliza. Akafuta kidole kwenye suruali na kusema, "Umeona? Amekula."

Siku ya pili yake, usiku, tukakuta yule panya ametapikwa kwenye kona ya tangi, mzima, amevimba, ananuka chumba chote. Nyoka akitapika anapoteza maji na asidi ya tumbo. Unatakiwa umwache wiki mbili bila kumpa kitu, maana ukimlisha haraka anatapika tena, na kutapika mara kwa mara kunaua kichanga. Kwa hiyo "msaada" wa duka ulituongezea wiki mbili za njaa juu ya zile nne tulizokuwa nazo.

Hapo ndipo nilipotafuta daktari wa wanyama anayejua reptilia. Si wote wanaowajua. Wa karibu na kwangu aliniambia wazi kwamba yeye ni wa mbwa na paka, na namshukuru kwa ukweli wake. Tulipanda treni. Mizani yake: gramu 64. Akamgeuza Ngosha taratibu chini ya taa, akaanza kunyanyua magamba kwa ncha ya kibano. Chini ya kidevu kulikuwa na utitiri, vidoto vyeusi vinavyotembea. Halafu karibu na mkia, chini ya gamba moja lililoinuka, akasimama.

Mimi nilimwona kabla hajasema. Wakuu, nimekua nachunga ng'ombe. Nimeng'oa kupe kwenye masikio ya ndama tangu nina miaka sita. Kupe namjua hata akiwa mdogo kama punje ya ulezi. Daktari akamtoa, akamweka kwenye karatasi nyeupe, miguu inachezacheza. Akasema nyoka aliyetotolewa ndani ya boksi la plastiki kwa mfugaji wa Uingereza hawezi kuwa na kupe wa namna hiyo. Huyu ametoka Afrika Magharibi.

Na habari hiyo wala si siri. Togo, Benin na Ghana zimekuwa zikisafirisha chatu hawa kwa miaka mingi. Majike wenye mimba au mayai yao hukusanywa porini, vitoto vinatotolewa kwenye vituo vya wafanyabiashara, vinapakiwa na kupelekwa Ulaya na Marekani. Wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, biashara inaruhusiwa kwa vibali, na mimi sisemi duka limevunja sheria kwa kumwingiza. Nasema limenidanganya. Kitoto kilichosafiri ndani ya mfuko wa kitambaa pamoja na wenzake kadhaa, kikakaa ghala hadi ghala, chenye kupe na utitiri na kiu, hakiwezi kuuzwa kwa mtoto kama mnyama aliyezoea panya wa friza. Inaniuma zaidi kwa sababu kule Ouidah, Benin, chatu hawahawa wana hekalu lao katikati ya mji na watu wanawaheshimu. Hapa anafutiwa kidole kwenye suruali.

Daktari akauliza maswali ambayo duka halikuuliza hata moja. Joto la upande wa moto? Nikasema kipimajoto cha kubandika kinaonyesha 30. Akaniambia ninunue cha kidijitali chenye waya wa kulaza sakafuni. Nilipofika nyumbani nikakilaza juu ya mkeka: nyuzi 43. Upande wa pili 21. Mkeka uliuzwa bila themostati, kifaa cha kuuzima joto likizidi. Ndiyo maana siku zote tulimkuta amejibana kwenye bakuli la maji. Nilidhani anapenda maji. Alikuwa anakimbia kuungua, na huko alikokimbilia hakuna joto la kumwezesha kusaga chakula. Nyoka hana joto lake mwenyewe, analipata pale alipolala. Angekula vipi?

Tukaanza upya. Tangi la kioo likaondoka. Tukachukua boksi dogo la plastiki lenye kifuniko, nikatoboa matundu, nikafunga themostati kwenye nyuzi 32 upande mmoja, mwingine ukakaa 26. Unyevu asilimia 60. Vificho viwili vya kubana, kimoja kila upande, kwa sababu porini hawa hulala kwenye mashimo ya panya na ndani ya vichuguu vya mchwa, na wanatulia pale mwili unapogusa ukuta pande zote. Tukamtibu utitiri. Siku kumi hakuna kumgusa wala kuchungulia. Binti alibandika karatasi mlangoni: KIMYA.

(Kwa wale mlionishauri maziwa: nyoka hanywi maziwa, tumbo lake halina kazi nayo. Na vipande vya nyama ya kuku havimtoshi, anahitaji mnyama mzima, mifupa na ini na vyote. Najua mlishauri kwa nia njema, shemeji zangu.)

Daktari alitushauri pia tubadilishe panya. Aina ya Mastomys, ambao porini ni chakula chake halisi, hapa wanapatikana wakiwa wamegandishwa. Nilipofungua pakiti nikawatambua. Ni panya shamba walewale wanaomaliza mahindi kwetu, ambao watu wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wamewachunguza miaka na miaka. Tarehe 24 Oktoba, saa nne usiku, tulimyeyusha mmoja, tukampasha ndani ya maji ya moto mpaka akafika kama nyuzi 38, tukamkausha. Joto hilo ni muhimu, kwa sababu kwenye mdomo wa juu chatu ana vishimo vinavyohisi joto la windo hata gizani. Taa tukazima, tukabakiza mwanga wa ukumbini.

Binti alishika koleo. Mdomo wa Ngosha ulikuwa kwenye tundu la kificho. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka tena, polepole, ukakaa nje muda mrefu kuliko kawaida. Shingo ikajikunja kama herufi S. Sikuona aliporuka. Nilisikia tu koleo likigonga boksi, na nilipotazama alikuwa ameshamzungushia panya mizunguko mitatu. Binti hakupiga kelele. Machozi yalikuwa yanamtoka na mkono umeganda na koleo hewani. Mama yake alikuja mlangoni, akasoma ile karatasi, akarudi kwa vidole. Siku 68 tangu tumnunue.

Tangu hapo amekula mara nne. Jana alikuwa gramu 81.

Sasa duka. Nimewaandikia barua, nimeambatisha maandishi ya daktari, picha ya kupe na risiti ya matibabu, pauni 140. Jibu lao ni mistari mitatu: mteja hakuzingatia joto sahihi, mnyama alikuwa anakula alipoondoka dukani, fedha hazirudishwi. Joto lipi, wakati mkeka na kipimajoto ni vya kwao na vimeandikwa kwenye risiti yao? Anakula wapi, wakati hawana rekodi? Chatu huyu anaishi miaka 20, 30, wengine zaidi. Bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani ilikuwa na jike aliyetaga mwaka 2020 akikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Mnyama wa kukaa na familia nusu ya maisha anauzwa bila hata daftari la shilingi mia la kuandika tarehe alizokula!

Ukienda kununua, dai kuona rekodi ya milo angalau mitano ya mwisho. Dai apimwe mbele yako. Mwambie muuzaji amlishe ukiwa umesimama pale, na akisema leo si siku yake, rudi siku yake. Akikataa, fedha yako ibaki mfukoni.

Hapa England tangu 2018 duka la wanyama lazima liwe na leseni ya halmashauri kwa kanuni mpya, na linatakiwa limpe mnunuzi maelezo ya kumtunza mnyama. Mimi sikupewa hata ukurasa mmoja. Jumamosi nilipita tena pale. Viboksi nane, vitoto nane vya ukubwa uleule wa Ngosha, na kila kimoja kina kibandiko cha mkono: "Amezaliwa Uingereza. Anakula vizuri." Nimevipiga picha vyote nane. Jumatatu asubuhi naomba ruhusa kazini, nazipeleka halmashauri pamoja na kupe wangu kwenye kichupa.